Dhahabu Haipimwi kwa Macho

Mazungumzo na vijana wanaoomba nafasi za mafunzo ya kuandika programu za kompyuta, pamoja na wazazi wao. Yalitolewa na mwanachama wetu, mhasibu, katika mkutano wa mwaka wa umoja wetu wa wana-Iramba waishio Dar es Salaam.

Vijana wetu wa vyuo, leo nimekuja kwa ajili yenu.

Mimi ni mhasibu. Sijui kuandika programu ya kompyuta. Kwa hiyo ni haki yenu kuuliza kwa nini kamati haikumleta fundi wa kompyuta aje kuzungumza nanyi. Jibu liko kwenye vitabu vya hesabu.

Mwaka jana kamati iliniomba nipitie hesabu za mfuko wetu wa elimu kabla hazijasomwa mbele yenu. Nilikuta lile fungu tulilolitenga kwa ajili ya vijana wanaosoma kompyuta, la nauli na malazi wakati wa mafunzo kwa vitendo, limebaki karibu lote. Fedha mlizochanga ninyi, wengine mkauza alizeti na vitunguu ili mtume mchango, zilikuwa zimelala benki. Mhasibu akiona fungu halijaguswa hufikiria mambo mawili: ama mahitaji hayapo, ama kuna kizuizi mahali. Nikachukua simu nikawapigia vijana mmoja mmoja.

Mahitaji yapo. Kizuizi nilikisikia kwa masikio yangu. Mmoja aliniambia, "Mzee, bado sijaiva." Mwingine: "Nafasi zile ni za watoto wa mjini waliocheza na kompyuta tangu chekechea." Wa tatu: "Ngoja nimalize kozi hii moja ya kwenye mtandao, halafu nitaomba." Nilipomuuliza alianza kusema hivyo lini, akacheka. Hawakuwa wamenyimwa nafasi, kwa sababu hawakuwa wameomba.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo habari ninayotaka tuizungumze.

Kwanza niwaeleze wazee tunachozungumzia. Mwanafunzi wa kompyuta chuoni hutakiwa kwenda kufanya kazi halisi kwa muda, katika vyuo vingi wiki nane hivi, mwishoni mwa mwaka wa masomo. Wenyewe wanaita "kwenda fildi". Akishahitimu, zipo pia nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini, kama zile zinazoratibiwa na TaESA. Anaweza kuomba katika mabenki, kampuni za simu, taasisi za umma kama Mamlaka ya Serikali Mtandao kule Dodoma, au kampuni ndogo ndogo za vijana zinazotengeneza programu. Na yapo mafunzo ambayo kijana anafanya akiwa amekaa Kiomboi, mradi awe na kompyuta na bando. Kwa mfano Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, huwaunganisha wanaoanza na mafundi wazoefu wa programu huria kupitia mtandao na kuwalipa posho. Tangu mwaka 2022 milango yake imefunguliwa hata kwa wanaoanza ambao si wanafunzi.

Na kuandika programu ni nini? Wote hapa mmewahi kulipia kitu cha serikali kwa ile namba ya malipo, kontroo namba. Mfumo ule wa GePG ulianza kutumika mwaka 2017. Unaingiza tarakimu kwenye simu, fedha inakwenda inakotakiwa, na risiti inarudi. Nyuma ya tarakimu zile kuna maelekezo marefu yaliyoandikwa na watu, mstari kwa mstari. Watu hao hawakuzaliwa wanajua. Kila mmoja aliwahi kuwa mwanafunzi anayeogopa kugusa kitufe.

Sasa hofu hii ina jina. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliokuwa wamefaulu sana, wenye shahada na kazi nzuri, lakini ndani ya moyo waliamini kwamba wamewadanganya watu na siku moja watagunduliwa. Baadaye ilionekana kwamba hata wanaume wanayo. Kwa hiyo kijana ukijiona kama mtu aliyeingia harusini bila kadi, jua kwamba hali hiyo iliwapata watu wenye vyeti kuliko vyako na vyangu.

Lakini sitawadanganya kwamba yote ni mawazo tu. Mtoto wetu aliyesoma shule ya kata, akafundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza na akaishika kompyuta kwa mara ya kwanza chuoni, huyo anayo pengo la kweli. Sisi wahasibu tunatofautisha deni la kweli na deni lililoandikwa kimakosa. Deni la kweli unalilipa kidogo kidogo. Deni lililoandikwa kimakosa unalifuta. Kutozoea kompyuta ni deni la kweli, na linalipwa kwa mazoezi. Kusema "watu wa kwetu si wa kazi hizi" ni deni la uongo. Vijana wengi wameyajumlisha yote mawili kwenye mstari mmoja, wakaona jumla ni kubwa, wakafunga kitabu.

Hapa inabidi nisimulie jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Wanasema mficha uchi hazai.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, miaka ya mwanzo ya 2000, ofisi moja ya ukaguzi wa hesabu hapa mjini ilitangaza nafasi za mafunzo. Tangazo lilitaka mtu mwenye "ujuzi mzuri wa kompyuta". Mimi kompyuta nilikutana nayo mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza kwenye chumba cha kompyuta nilibaki nimekaa hadi wenzangu wote walipotoka, kwa sababu sikujua jinsi ya kuizima na niliona aibu kuuliza. Nilisubiri aliyebaki wa mwisho azime yake nimwangalie. Basi nilipoliona tangazo lile, nikaandika barua ya maombi, nikaiandika vizuri, nikaiweka katikati ya daftari langu la somo la kodi. Nikasema kesho nitaipeleka. Kesho ikawa keshokutwa, tarehe ya mwisho ikapita.

Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alipeleka yake. Alijua kompyuta kiasi changu, hakunizidi hata kidogo. Alichukuliwa. Alikuja kunieleza kwamba wiki mbili za kwanza walifundishwa wote upya, hata waliojifanya wanajua.

Mimi nilikaa miezi 14 bila kazi. Na sasa ndilo linaloniuma. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Aliponiuliza habari za ile ofisi, nilimwambia, "Walinikataa, mzee." Akasikitika, akasema mjini kuna upendeleo, akaendelea kusema hivyo kwa majirani. Mzee alifariki akiamini kwamba kuna watu waliomkataa mwanawe. Hakuna aliyenikataa. Barua yao ninayo mimi hadi leo. Aliyenikataa ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo vijana, nilipowasikia kwenye simu mkisema "bado sijaiva", niliisikia sauti yangu.

Nitawaeleza sasa habari za binti wa kaka yangu. Ameniruhusu niseme, ila jina lake nisilitaje. Anasoma TEHAMA chuo kikuu Dodoma. Mwaka jana ulipofika wakati wa kuomba nafasi, hakuomba. Nilimwita, tukakaa. Nikamuuliza, "Umewahi kutengeneza kitu chochote?" Akasema hapana, ni kitu kidogo tu, hakifai. Nikamwambia anionyeshe hicho kisichofaa.

Alikuwa ameandika programu ya kikoba cha bibi yake, yaani mama yangu, kule kijijini. Inaandika hisa, mikopo na marejesho, na mwisho wa mzunguko inagawa faida. Nikamuuliza kwa nini anasema haifai. Akaniambia kwamba walipoitumia kwa mara ya kwanza, iliwaaibisha. Faida ya mzunguko ilikuwa shilingi 1,250,000, na wanachama ni 23. Kompyuta ikasema kila mmoja achukue shilingi 54,347. Mama mmoja, ambaye hajamaliza hata darasa la saba, akachukua simu yake akazidisha: ikaja shilingi 1,249,981. Akasimama akauliza, "Shilingi zetu 19 ziko wapi?" Wengine wakasema shilingi 19 haitoshi hata kununua pipi. Yeye akasema, "Udogo wake si hoja. Hoja ni nani kaila."

Binti yetu alirudi chuoni akiwa ameamua kwamba yeye si mwandishi wa programu.

Nilicheka, maana huyo mama ndiye mkaguzi wa hesabu ninayemtafuta ofisini kwangu kila siku. Kisha nikamweleza binti: hili si kosa la ujinga, hili ni tatizo la kazi. Ukigawa fedha kwa watu na ukatupa desimali, baki hubaki. Wahasibu tumeishi nalo tangu zamani, na mafundi wa kompyuta nao wanaishi nalo. Yeye mwenyewe akanionyesha jambo ambalo sikulijua: katika lugha nyingi za kompyuta, ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu 0.30000000000000004, kwa sababu ya namna inavyohifadhi desimali ndani yake. Kumbe hata mashine ina mambo yake. Mafundi wakubwa wanalijua hilo, na katika fedha hujihadhari nalo, kwa mfano kwa kuhesabu kwa namba kamili.

Akairekebisha. Sasa programu inagawa, inaonyesha baki kwenye mstari wake, na inaliingiza kwenye mfuko wa jamii wa kikoba. Yule mama alipoona shilingi 19 zimeandikwa mahali pake, akasema sawa, tuendelee.

Binti akaandika barua tano za maombi. Mbili hazijajibiwa hadi leo. Moja ilijibiwa kwa adabu kwamba nafasi zimejaa. Ya nne aliitwa kwenye usaili, akaulizwa maswali mawili ambayo hakuyaweza, akakosa. Alinipigia simu akilia. Nikamwambia aandike yale maswali mawili kabla hajayasahau, ayatafutie majibu wiki hiyo hiyo. Ya tano alipoitwa, moja ya maswali lilirudi. Kisha wakamuuliza, "Tueleze kosa ulilowahi kulifanya kwenye programu yako na ulilirekebishaje." Akawasimulia shilingi 19.

Alipata.

Nisiwaongopee kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Wiki mbili za kwanza alikuwa anasoma tu programu zilizoandikwa na wengine, na nyingi hakuzielewa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurekebisha fomu iliyokuwa inakubali mtu aandike tarehe ya kuzaliwa ambayo bado haijafika. Kitu kidogo, lakini kilimchukua siku tatu. Aliloniambia alipomaliza ni hili: fundi aliyekuwa anamsimamia, mtu wa miaka mingi kazini, naye alikuwa anatafuta majibu kwenye mtandao kila siku. "Baba mdogo," akasema, "nilidhani wao wanajua yote. Kumbe wamezoea tu kutokujua."

Bado hajaajiriwa, bado anasoma. Lakini haogopi tena kuandika barua, na hilo mimi nimelihesabu kuwa mali.

Vijana, kutokana na hayo, nawaachia mambo manne ya kushika.

La kwanza ni kuhusu tangazo. Mnasoma tangazo la nafasi linataka lugha hii ya kompyuta na ile, uzoefu huu na ule, mnakosa viwili mnaondoka. Nawauliza wazee waliooa: nani hapa alimaliza mahari yote siku ya kwanza? Naona mnacheka. Orodha ya mahari hutajwa yote, ng'ombe wote, blanketi la bibi na koti la babu, na mwoaji hakimbii. Anakwenda na mshenga, anaonyesha alichonacho, mazungumzo yanaendelea. Tangazo la mafunzo nalo ni orodha ya matamanio ya mwenye nyumba. Kama unavyo zaidi ya nusu ya vilivyotajwa, nenda. Ila usidanganye. Ng'ombe usiyekuwa naye usimtaje.

La pili, uwe na kitu kimoja kidogo ulichokimaliza. Kimoja, na kiwe kinafanya kazi. Kikoba cha bibi, daftari la mauzo ya kuku wa mama, hesabu za magunia ya alizeti kwenye ghala la kijiji, mahudhurio ya kwaya. Kiweke mahali mtu anaweza kukiona, kama kwenye GitHub, andika maelezo mafupi kinamsaidia nani. Mtu wa usaili amechoka kuona mifano ile ile iliyonakiliwa darasani. Tatizo la kweli la kijiji cha kweli hajawahi kuliona, na wewe unalijua kuliko yeye. Hapo ndipo kutoka Iramba kunageuka kuwa faida.

La tatu, andika hesabu kamili juu yako. Chukua karatasi, gawanya mara mbili. Upande mmoja andika usivyovijua. Najua mtaujaza haraka. Upande wa pili andika unavyovijua na ulivyokwisha kuvifanya, na usiache kitu kwa aibu: umejifunza kwa kuazima kompyuta mpakato ya mwenzako usiku, umeelewa mafunzo kwa Kiingereza ambacho hukuzaliwa nacho, umewahi kukaa na kosa moja siku tatu bila kukata tamaa. Mhasibu anayeandika madeni peke yake na kuacha mali, hesabu zake tunazirudisha. Nanyi zirudisheni zenu.

La nne, hesabu barua ulizotuma, usihesabu majibu. Jibu liko mikononi mwa mwingine, lakini barua iko mikononi mwako. Jiwekee idadi, tuseme kumi kwa msimu, na kila ukikosa, andika ulichojifunza. Binti yetu alipata kwa barua ya tano, na kilichomsaidia kwenye ya tano alikipata alipokosa kwenye ya nne.

Sasa naomba niwageukie wazazi na wanachama wenzangu. Nitasema kwa heshima, lakini nitasema.

Nilipomuuliza binti wa kaka yangu, "Hasa unaogopa nini?" sikutegemea alichonijibu. Hakusema anaogopa kompyuta wala usaili. Alisema, "Baba mdogo, nikikosa, nitawaambia nini watu wa nyumbani?"

Ndugu zangu, watu wa nyumbani ni sisi. Tunamchangia mtoto, tunampigia makofi kanisani na msikitini, tunamsindikiza stendi, na neno la mwisho tunalompa ni "Usituaibishe." Tunalisema kwa upendo. Lakini mtoto analibeba kijiji kizima mgongoni, na aliyebeba kijiji hawezi kuruka mtaro. Akikosa yeye, kijiji kimekosa. Basi anaona ni salama asijaribu, kwa maana asiyejaribu hana habari ya kuleta. Mimi nilimdanganya baba yangu kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa rahisi kumwambia nimekataliwa na watu kuliko kumwambia niliogopa.

Na sisi kama umoja tumeongezea. Fungueni vijarida vyetu vya miaka iliyopita. Tumeandika majina ya waliofaulu, waliopata, waliochaguliwa. Ni vizuri. Lakini hakuna mahali tulipoandika waliojaribu. Na masharti ya lile fungu yanasema tunamlipia nauli na malazi kijana aliyekwisha kupata nafasi. Nauli ya kwenda kwenye usaili haimo. Kijana wa Shelui akiitwa usaili Dodoma au Dar es Salaam, nauli ni yake, na akikosa, hasara ni yake. Mimi mhasibu nasema: fungu lile tulilijenga kwa namna ya kuwalipa wasio na hofu. Ndiyo maana limelala.

Wazee wetu wa Sekenke wanajua habari ya dhahabu. Machimbo yale ni ya tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imewakatia njia ya kuletewa fedha kutoka kwao, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Ilitoka kwenye udongo wetu huu, ikafuliwa kwa vifaa vya kutengenezea treni, kwa sababu vingine havikuwepo. Hata leo mchimbaji mdogo akitoka shimoni na kipande chake, hakai akakikodolea macho na kusema "hiki hakitafika hata gramu moja" kisha akakitupa. Anakipeleka mzanini. Mzani ukisema kidogo, anarudi shimoni, lakini amejua. Kuomba nafasi ni kupeleka mzanini. Vijana wetu wanajipima kwa macho, na macho yenye hofu hupunja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi matatu kwa mkutano huu.

Ombi la kwanza, masharti ya fungu yabadilike, tulipe nauli ya usaili kwa kijana yeyote wa kwetu aliyeitwa, apate asipate. Alete barua ya kuitwa na tiketi ya basi. Asiulizwe kwa nini amekosa.

Ombi la pili, katika taarifa ya mwaka tuongeze safu moja: idadi ya maombi yaliyotumwa na vijana wetu. Bila majina, idadi tu. Mwaka ambao idadi hiyo imepanda, tupige makofi hata kama waliopata ni wachache.

Ombi la tatu ni lile mlilolizoea, fedha. Nimefanya makadirio ya kijana mmoja wa Kiomboi kwa wiki nane Dodoma. Chumba cha kushirikiana miezi miwili, shilingi 80,000. Chakula siku 56 kwa shilingi 5,000 kwa siku, 280,000. Nauli ya kwenda kazini siku 40 kwa shilingi 2,000, 80,000. Bando wiki nane, 40,000. Basi kwenda na kurudi, 50,000. Jumla shilingi 530,000. Hakuna anasa humo. Nyingi ya nafasi hizi hazilipi, au zinalipa posho ndogo, na kijana mwenye ndugu mjini anaweza kuvumilia, asiye na ndugu hawezi. Kwa hiyo nasi wa mjini, mwenye chumba cha ziada ajiandikishe kwa Katibu leo. Kitanda kwa wiki nane ni mchango, nami nitakiingiza vitabuni kwa thamani yake.

Mimi na mke wangu tunatoa shilingi 530,000, ya kijana mmoja. Tunaongeza shilingi 19 juu yake, kwa heshima ya yule mama wa kikoba. Mweka hazina asizipunguze.

Na kwa vijana: ile barua yangu ya zamani nimekuja nayo. Imekuwa ya njano, mikunjo imechanika. Atakayetaka kuiona anifuate baada ya mkutano. Nimeihifadhi miaka yote kama siri, sasa naitumia kama onyo. Imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja. Kilichokosekana ni kuipeleka tu.